Usiniulize Buti Gani, Niambie Kwanza Unaenda Wapi

Wasee, hii posti nimeikwepa tangu Novemba. Nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Leo naimaliza kwa sababu mvua ya masika imefika, watu wameanza tena kuniuliza "buti gani poa ya haiki?", na kila nikiliona hilo swali namkumbuka binamu yangu akiwa amekaa kwa matope kule Elephant Hill, ameshika soli ya kiatu chake mkononi, anaiangalia tu.

Wacha nianze mwanzo.

Mwaka jana nilitoa video fupi. Nilikuwa nimetoka Mlima Kenya, nimefika Point Lenana, mita 4,985, na nimerudi nyumbani bila hata lengelenge moja. Nikaonyesha buti langu la mtumba, la ngozi, zito, nililolinunua shilingi 2,800. Kisha nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe: "Buti ni buti. Tafuta la ngozi, soli nene, maliza hiyo stori. Usidanganywe na bei za maduka." Video ikatembea. Watu wakaisambaza. Nikaanza kujiona mtaalamu wa viatu, na kumbe nilikuwa nimepanda mlima mmoja kwa buti moja kwa siku nne za jua.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, yuko chuo cha ufundi. Huyo hakuhitaji kushawishiwa na video, yeye ananiamini tangu tukiwa wadogo. Akajinyima, akachanga, akaenda soko moja la mitumba hapa Nairobi, akarudi na buti la ngozi ya kahawia, kamba nyekundu, soli nene vile nilivyosema. Lilikuwa linang'aa kama jipya. Akanitumia picha. Nikamjibu, "Hapo umeweza kabisa."

Hilo jibu linaniuma mpaka leo.

Tulienda Elephant Hill Jumamosi moja ya Novemba. Kama hujafika, huo ni mlima wa karibu mita 3,600 kwenye safu za Aberdare, unaanzia upande wa Njabini. Unapita msitu, unaingia kwenye mianzi, halafu unatokea juu kwenye nyasi za mafungu na upepo. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Ndani ya mianzi njia ilikuwa imegeuka uji. Kijana wa pale aliyekuwa akituongoza alikuwa amevaa gambuti. Baadhi yetu tulimcheka kidogo kwenye gari, eti "leo ni kukama ng'ombe ama ni kupanda mlima?" Alitabasamu tu, hakujibu.

Mwendo wa saa mbili hivi, buti la kushoto la binamu likafungua mdomo mbele. Tukacheka, tukalifunga kwa kamba. Baada ya dakika ishirini soli yote ikabaki kwenye matope, yeye akapiga hatua na sehemu ya juu peke yake. Tukiwa bado tunashangaa, la kulia nalo likaachia. Ule mpira wa katikati, ule unaokuwa laini kama povu, ulikuwa unamomonyoka kama mkate mkavu. Ukiushika unabaki na makombo kwa vidole.

Tukakubaliana turudi. Kupanda bila meno ya soli unaweza kuvumilia, kushuka ndiko kubaya. Binamu aliteleza mara ya kwanza akakaa, mara ya pili akakaa, mara ya tatu mguu ukaingia chini ya mzizi na mwili ukaendelea mbele. Nilisikia sauti yake kabla sijageuka.

Yule kijana wa gambuti ndiye aliyetuokoa. Aliokota mwanzi mkavu ukawa mkongojo, akambeba binamu mgongoni kwenye sehemu mbaya, na hakuteleza hata mara moja. Tulifika chini giza likiingia. Eksirei ilionyesha mfupa uko sawa, lakini kano za kifundo zilikuwa zimechanika. Wiki sita za magongo. Alikuwa aanze mafunzo yake ya kazini Jumatatu iliyofuata, kwa karakana aliyoitafuta miezi mitatu. Nafasi ikapewa mtu mwingine.

Shangazi alinipigia simu usiku huo. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Ni wewe ulimwambia mtoto wangu anunue viatu gani?"

Nikasema, "Ni mimi, shangazi. Pole sana."

"Haya. Asante kwa kusema ukweli." Akakata.

Wiki iliyofuata nilibeba yale mabuti hadi kwa fundi wa viatu wa mtaa wetu. Nilitaka aniambie gundi ilikuwa mbaya, nipate wa kulaumu. Mzee akayageuza, akabonyeza ile sehemu laini kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukazama kama kwenye sabuni iliyolowa.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya ndugu yangu, mzee."

"Angalia meno ya chini. Bado marefu. Hiki kiatu hakijachakaa, kijana. Kimezeeka kikiwa kimekaa."

Nilienda kusoma, na mzee alikuwa sahihi. Mabuti mengi ya mlimani yana tabaka la katikati la poliurethani. Ni zuri sana, linabeba uzito na halibonyei haraka. Lakini unyevu wa hewa unalivunjavunja polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama kiatu kimelala ndani ya boksi kwa kabati la mtu huko Ulaya. Kwa nje ngozi inabaki safi, na kwa ndani tabaka linaoza. Siku unayolivaa na kulibebesha uzito wako, linakatika. Ndiyo maana buti la mtumba linalong'aa sana wakati mwingine ndilo la kuogopa zaidi. Lile la wenyewe lililotembea jana na juzi angalau limeonyesha kwamba bado lipo.

Nikamwonyesha na langu. Akabonyeza, ukucha haukuingia. "Hili ni mpira mtupu, na limeshonwa pembeni," akasema. Kwa macho, mabuti yote mawili yalikuwa ndugu. Mimi nilibahatisha, halafu nikaenda mtandaoni nikauza ile bahati kama ujuzi.

Sasa, soli ilikuwa kosa moja. Kosa la pili ni ile sentensi yangu, "buti ni buti". Hata kama lile la binamu lingekuwa zima, bado halikuwa kiatu cha pale. Ngozi ikishalowa ndani ya matope ya Aberdare inakuwa tofali, na haikauki leo wala kesho. Mlima ndio unaochagua kiatu. Nimezunguka tangu wakati ule nikiangalia miguu ya watu kuliko sura zao, na haya ndiyo ninayoamini sasa.

Ngong na Karura hazihitaji buti kabisa. Siku kavu, raba yoyote yenye meno kidogo inatosha. Ngong ikinyeshewa ndiyo hubadilika, udongo unashika soli hadi unatembea na kilo moja ya shamba kila mguu. Pale unataka meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke. Meno madogo yaliyobanana yanajaa mara moja, na soli iliyojaa tope ni sawa na soli bapa.

Longonot watu huidharau kwa sababu iko karibu na Nairobi. Kupanda hadi ukingo wa kreta si mbali, kuzunguka ukingo wote ni kama kilomita saba, na kilele chake ni mita 2,776. Tatizo la pale ni vumbi. Ni udongo wa volkano, mwepesi, unaingia kila mahali, na kwenye kushuka changarawe zinaviringika chini ya mguu kama njegere. Kuna jua, na kivuli ni kidogo. Buti zito lisiloingiza maji litapika miguu yako bure. Chukua kiatu chepesi kinachopumua, chenye soli ya kushika, na kinachofunga vizuri shingoni ili mawe yasiingie. Wapanda milima wana msemo wa zamani kwamba kilo moja mguuni ni kama kilo tano mgongoni. Sijawahi kupima, lakini nimezunguka Longonot na buti la ngozi na tena na raba za mlimani, na sitarudia lile la kwanza.

Aberdare wakati wa mvua, vaa gambuti. Ndiyo, nimesema. Zile za shamba, za mpira, za bei ya mia kadhaa. Ndani ya mianzi tope linafika juu ya kifundo, na hakuna buti la elfu ishirini litakalozuia maji yanayoingilia juu. Buti "lisiloingiza maji" likishaingiwa kwa juu linakuwa ndoo, halitoi maji pia. Lakini gambuti nazo zina masharti. Ziwe saizi yako, si za baba. Vaa soksi ndefu mbili, au soksi nzito moja, kwa sababu zinachubua ndama. Angalia meno ya chini, maana kuna zile za kuoshea gari ambazo chini ni bapa. Na ujue hazishiki kifundo, kwa hivyo beba fimbo.

Mlima Kenya ni stori tofauti kwa sababu unabeba milima mitatu ndani ya mmoja. Ukipita Naro Moru kuna ile sehemu ya kinamasi cha kupanda, tope na nyasi za mafungu kwa masaa. Ukipita Sirimon ni pakavu zaidi. Lakini njia zote zinakuleta kwenye usiku ule wa mwisho, baridi kali, changarawe za kurudi nyuma, mawe, na pengine barafu. Hapo ndipo buti la kweli linapata kazi yake. Unataka soli ngumu ambayo jiwe haliusukumi mguu wako, mbele pagumu kwa ajili ya vidole, juu pafunike kifundo, na ndani nafasi ya soksi nzito bila kubana. Kiatu kinachobana kinazuia damu, na damu ikizuiwa vidole vinaganda hata ukiwa na soksi za pesa nyingi. Watu wengi hubeba viatu viwili, vya chini na vya juu. Nilifikiri ni maringo. Sasa naona ni akili.

Halafu kuna kaskazini. Ololokwe, Samburu, ni joto, mwamba na miiba. Soli nyembamba ya raba, mwiba wa mgunga unapenya kama sindano kwa kitambaa. Wenyeji wanapanda na akala, zile ndala za tairi, na usicheke, tairi haipenyeki kirahisi. Mguu wao umezoea mwamba tangu utotoni, wako wewe umezoea sakafu, kwa hivyo usiwaige. Lakini elewa mantiki yake. Kila mahali watu wa pale wameshajibu swali la kiatu kabla sisi hatujafika na picha zetu. Njabini wamejibu gambuti, Samburu wamejibu akala.

Hapo kuna mtego mmoja, na mimi mwenyewe niliwahi kuutumia kama hoja. Utasikia mtu akisema, "Mbona wale wabeba mizigo wa Mlima Kenya wanapanda na raba zilizotoboka?" Ndugu, wengine wao wanapanda na raba zilizotoboka kwa sababu ndizo walizonazo. Yule kijana wa Njabini alikuwa amechagua gambuti. Yule mbeba mizigo aliye na raba ya kitambaa kwenye barafu hajachagua kitu. Usichukue umaskini wa mtu ukaufanya ushauri. Na kama una buti zima usilolitumia, linalokubali ukucha wa fundi, ukishuka mlima muulize saizi yake.

Sasa tuseme unajua unaenda wapi. Kununua ni hivi.

Nenda jioni, si asubuhi, kwa sababu mguu unavimba ukishinda umesimama, na mlimani utavimba zaidi. Beba soksi utakazovaa siku yenyewe. Soksi ziwe za sufu au zile za michezo zinazokauka haraka. Pamba inanywa maji, inakaa nayo, na ngozi iliyolowa ndiyo inayotoa malengelenge. Ukivaa kiatu bila kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kidole chako cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kisha funga, tafuta ngazi au mteremko, ushuke. Vidole vikigonga mbele, achana nacho hata kama rangi imekupendeza. Kucha nyeusi zote nilizowahi kuona zilitoka kwenye kushuka. Kisigino kikiinuka ndani unapopanda, jaribu kukaza kamba pale juu kwanza. Kikiendelea kuinuka, hicho si chako.

Kama ni mtumba, na wengi wetu ni mtumba, sina aibu na hilo, ongeza vipimo vitatu. Bonyeza tabaka la katikati kwa ukucha pande zote, hasa kisigino. Likizama na kubaki na alama, au likitoa unga au kunata, rudisha. Pili, kunja kiatu mara kumi kwa nguvu na uangalie mistari ya kupasuka pale tabaka linapokutana na ngozi. Tatu, ukishanunua, usikipeleke mlimani. Kivae kazini, sokoni, kwa mvua ya mtaani, wiki mbili au tatu. Kama kitakufa, kifie karibu na stendi ya matatu. Fundi mzuri anaweza kutoa soli nzima na kuweka nyingine ya mpira na kuishona, na hiyo pesa ni ndogo kuliko ya magongo. Na kikilowa kambini, usikianike karibu na moto. Joto linalegeza gundi na kukausha ngozi ikapasuka. Toa soli ya ndani, jaza karatasi au nguo kavu, kiache kwa upepo.

Kuhusu buti refu kuokoa kifundo, nilikuwa nikisema hivyo kama mtu anayesoma Katiba. Buti refu huzuia mawe na tope, na ukibeba mzigo mzito unajisikia imara. Lakini si plasta. Binamu yangu alikuwa na buti refu la ngozi hadi juu ya kifundo, na bado kano zilichanika. Kilichokosekana kilikuwa chini, kwenye soli.

Baada ya yote nilitaka kuifuta ile video. Nilimwambia binamu. Akakataa.

"Usifute," akasema. "Ukifuta, wale walioiona watabaki na ile stori tu. Hawatajua ulikosea. Andika."

Kwa hivyo nimeandika, na hii posti nimeibandika juu kabisa, ile video iko chini yake. Kama ulinunua buti kwa sababu yangu, tafadhali, kabla ya kufanya kitu kingine leo, chukua hilo buti ulibonyeze kwa ukucha.

Na swali la "buti gani poa" sitalijibu tena. Niambie unaenda mlima gani, mwezi gani, umebeba nini, na bajeti yako ni ngapi bila kuona haya. Hapo tutaongea. Inawezekana jibu likawa raba uliyonayo tayari, ama gambuti ya shamba, na hakuna mtu wa kukucheka kwa kikundi changu. Aliyewahi kucheka gambuti kwa gari ile ndiye aliyebebewa ndugu yake na mwenye gambuti.

Binamu amepona. Mwezi uliopita tulitembea Karura, pole pole, yeye na raba zake za kawaida. Alipata nafasi nyingine ya mafunzo, si nzuri kama ile, lakini ameanza. Sasa anataka kurudi Elephant Hill kumaliza alichoanza, na tumekubaliana na yule kijana wa Njabini atuongoze tena. Nimeshanunua gambuti zangu.

Shangazi amekubali, ila kwa sharti moja: viatu vyote viletwe kwake kwanza. Jumapili tulivipeleka. Alivipanga sebuleni, akavaa miwani, akaanza kubonyeza soli moja moja kwa ukucha. Changu alikirudia mara mbili.